Meno Hayamharishi Mtoto: Kijitabu cha Kaya

Walengwa wa kijitabu hiki

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya wazazi, mabibi, wasichana wa kazi na wote wanaobaki na mtoto mama anapokwenda shambani, sokoni au kazini. Hakielezi vijidudu hufanya nini tumboni, kwa kuwa mtoto huweza kuokolewa bila mlezi kuyajua hayo. Kinaeleza yale yanayoonekana wagonjwa wanapohesabiwa, na yale ambayo kaya inapaswa kuyafanya mara tu ugonjwa unapoanza. Kuharisha, kwa maana inayotumika humu, ni kupata choo cha majimaji mara 3 au zaidi ndani ya saa 24.

Kuhesabu wagonjwa

Taaluma inayochunguza ni nani anayeugua, anaishi wapi na aliugua lini huitwa epidemiolojia, na sehemu kubwa ya kazi yake ni kuhesabu na kulinganisha. Mwaka 1854, kipindupindu kilipoua mamia ya watu katika eneo la Soho jijini London, daktari John Snow aliulizia mahali ambapo kila marehemu alikuwa akipata maji, akagundua kwamba vifo vingi vilizunguka pampu moja ya Broad Street, naye akawashawishi viongozi wa eneo hilo waondoe mpini wa pampu hiyo, ingawa hakuweza kumwonyesha mtu yeyote kijidudu chenyewe. Hesabu ilitosha.

Hesabu ya namna hiyo ikifanywa kwa watoto wanaoharisha, umri mmoja hujitokeza kila mara, nao ni kati ya miezi 6 na 24. Katika utafiti mkubwa uliofanyika Kenya, Msumbiji, Mali, Gambia, India, Bangladesh na Pakistan, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2013 na ambao kwa upande wa Kenya ulifanyika Siaya, karibu vifo 9 katika kila 10 vilivyotokea wakati wa ufuatiliaji vilikuwa vya watoto ambao hawajatimiza miaka 2.

Kosa linaloua

Mtoto huanza kuota meno akiwa na takriban miezi 6, na huendelea hadi meno yote 20 ya utotoni yatimie akiwa na miaka 2 na nusu hivi, kwa hiyo umri wa kuota meno na umri wa kuharisha sana ni umri uleule. Hapo ndipo kaya nyingi zinapopotea. Mtoto anaharisha, mlezi anapapasa ufizi, anakuta jino linachomoza, na shauri linakwisha: "Ni meno, yatapita." Siku ya kwanza inapita bila maji wala dawa, ya pili vilevile, na mtoto anafikishwa zahanati macho yameingia ndani na hawezi tena kunyonya. Meno hayamharishi mtoto.

Mlezi asiyeamini na alinganishe mwenyewe. Kila mtoto duniani huota meno, lakini watoto wa nyumba zenye maji safi na vyoo vizuri huharisha mara chache kuliko wenzao, ilhali idadi ya meno yao ni ileile. Meno huota miezi yote ya mwaka, lakini wagonjwa hujaa zahanati katika misimu fulani. Mara nyingi kaka au dada wa miaka 4, ambaye meno yake yalikwisha kutimia, huharisha wiki ileile anayoharisha mdogo wake. Tena, chanjo ya virusi vya rota imepunguza wagonjwa mahututi wa kuharisha kila ilikoenea, nayo haijazuia jino hata moja kuota. Kama meno yangekuwa ndiyo chanzo, hayo yote yasingewezekana.

Hatari zaidi ni imani ya "meno ya plastiki", ambayo wengine huyaita meno ya nailoni, ambapo ufizi wa mtoto anayeharisha hukatwa ili kuondoa kile kinachodaiwa kuwa jino bovu. Kinachotolewa ni chipukizi la jino halisi. Mtoto huvuja damu, huweza kupata maambukizi ya kuua, na kuharisha kwake kunabaki palepale kwa sababu hakukutoka kwenye ufizi.

Jino likionekana siku ya kuharisha

Meno hayamharishi mtoto. Apewe ORS siku hiyohiyo.

Kinachobadilika mtoto anapofikisha miezi 6

Hadi umri huo mtoto anapaswa kunyonya maziwa ya mama pekee, bila hata maji, na wale wanaolindwa hivyo huharisha mara chache. Baada ya hapo mambo matatu huanza kwa pamoja: anakula uji na vyakula vingine, anatambaa chini, na anatia mkononi na kinywani kila anachokiokota. Uji uliopikwa asubuhi na kuachwa hadi jioni bila kuchemshwa upya, maji yaliyochotwa ndooni kwa kikombe kilichoshikwa na kila mkono, na mkono uliomtawaza mtoto kisha ukamlisha bila kunawa kwa sabuni, hizo ndizo njia zinazompelekea ugonjwa. Kinyesi cha mtoto mchanga kina madhara kama cha mtu mzima, hivyo kitupwe chooni na si uani, jalalani wala mtaroni, na maji yaliyofulia nepi yamwagwe chooni pia. Pasipo na bomba, kibuyu chirizi na kipande cha sabuni karibu na choo vinatosha.

ORS

ORS ni unga wa chumvi na sukari maalumu unaorudisha maji na chumvi ambazo mtoto amepoteza, na kwa kuwa kinachoua katika kuharisha mara nyingi ni upungufu wa maji, huanzishwa nyumbani bila kungoja mtoto alegee. Pakiti ya lita 1 ichanganywe yote katika lita 1 kamili ya maji safi ya kunywa. Isigawanywe nusu kwa nusu ili idumu, na chupa ya lita 1 na nusu isitumike kama kipimo, kosa ambalo ni la kawaida mno kwa sababu chupa hizo zimejaa kila nyumba. Isiongezwe sukari, chumvi, soda wala maziwa. Isichemshwe baada ya kuchanganywa. Ikipita saa 24 imwagwe na itengenezwe nyingine. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu kikombe kila baada ya choo cha majimaji, na wa miaka 2 au zaidi apewe nusu kikombe hadi kikombe kizima, kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe, bila chupa ya chuchu. Akitapika, mlezi asubiri dakika 10 kisha aendelee polepole; kutapika si sababu ya kuacha. Asinyimwe chakula wala maziwa ya mama, na asipewe dawa za kufunga choo wala antibiotiki zilizobaki kutoka ugonjwa wa mtu mwingine.

Zinki

Vidonge vya zinki, vitolewavyo pamoja na ORS, vitumike siku 10 hadi 14 kama mtoa huduma atakavyoelekeza, hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu.

Dalili zisizongoja asubuhi

Mtoto apelekwe kituo cha afya mara moja, huku akiendelea kunyweshwa ORS njiani, iwapo macho au utosi umeingia ndani, amelegea au ni vigumu kumwamsha, hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, anapata degedege, choo kina damu, au ngozi ya tumbo ikifinywa hurudi taratibu. Mtoto wa chini ya miezi 2 apelekwe hata bila dalili hizo. Mlezi akiambiwa na jirani kwamba ni meno, amsikilize kwa heshima, kisha aendelee na safari.

Chanjo

Chanjo ya rota ni matone ya mdomoni, huanza mtoto akiwa na wiki 6, na hurekodiwa kwenye kadi ya kliniki.

Habari za kupeleka zahanati

Mtoa huduma huhitaji kujua umri wa mtoto kwa miezi, siku aliyoanza kuharisha, mara ngapi kwa siku, kama kuna damu, amekwisha kupewa nini, kaya inachota maji wapi, na ni nani mwingine nyumbani anayeharisha. Majibu hayo ndiyo yanayowezesha kulinganisha kaya moja na nyingine. Nyumba mbili au tatu zinazochota kisima kimoja zikiwa na wagonjwa wiki moja, taarifa ifike kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii au afisa afya wa kata siku hiyohiyo, ili kisima kikaguliwe, na wakati huo maji yake yachemshwe au yatiwe dawa kabla ya kunywewa.