Usipige Laminesheni: Kutunza Nyaraka za Wahamiaji Wajerumani wa Marekani

Kanuni mpya ya maktaba yetu ya utafiti imezua malalamiko mengi. Wapo wanaodai tunawasumbua wazee wanaoleta vyeti vya bibi zao. Hatumsumbui mtu. Waraka uliopigwa laminesheni hatuupokei, na sababu ni hizi.

Familia nyingi za Pennsylvania zimerithi vyeti vya ubatizo viitwavyo Fraktur, vya karne ya 18 na 19, vilivyopambwa kwa rangi za maji: ndege, mioyo, maua ya tulipu. Mashine ya laminesheni huyeyusha plastiki kwa joto ikagandamana na karatasi. Asidi hubaki humo ndani ikiendelea kuila. Ukijaribu kubandua, rangi hung'oka nayo. Hakuna fundi atakayekuhakikishia kuirudisha ilivyokuwa.

Selotepu nayo marufuku. Gundi yake hugeuka njano na kupenya hadi kwenye maandishi. Tunarudia: hata kipande kidogo, marufuku.

Nyaraka hizi zimeshaponea hatari nyingine. Mwaka 1918, Marekani ilipokuwa ikipigana na Ujerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Gavana William Harding wa Iowa alipiga marufuku lugha za kigeni shuleni, kanisani, hadi kwenye simu. Huko Baraboo, Wisconsin, vitabu vya Kijerumani vilichomwa moto hadharani. Mengi tunayoyajua leo yalisalia kwa sababu mama fulani alificha barua ndani ya Biblia. Karatasi iliyookoka moto ule isife kwa mashine ya dukani.

Ihifadhi ikiwa imenyooka, ndani ya bahasha isiyo na asidi, mahali pakavu. Si darini wala ghala la chini. Ikiwa imekunjamana, usiilazimishe. Majina na mahali yaandike kwa penseli kwenye karatasi nyingine. Barua za mwandiko wa Kurrent, ulioachwa kufundishwa shuleni Ujerumani mwaka 1941, usizitupe eti hazisomeki. Watumishi wetu wanazisoma, tena vizuri.

Kupokelewa: kitambulisho, idhini ya warithi wote, maelezo ya ilikotoka. Mengine utaelezwa mapokezini.

Kazi hii ina mizizi. Maktaba ya German Society of Pennsylvania, mjini Philadelphia, ilianzishwa mwaka 1817, nacho chama chenyewe kipo tangu 1764. Tunapokataza, tunajua tunachokataza.

Cheti chako kimechanika? Kilete kilivyochanika, na vipande vyake vyote.