Lugha ya Maelekezo ya Kemikali: Mfano wa Kuandaa Mabamba ya Saketi Nyumbani katika Mkoa wa Songwe

1.0 Utangulizi

Mijadala juu ya istilahi za sayansi katika Kiswahili imekuwa ikiegemea zaidi swali la namna ya kuunda istilahi: tukope, tutafsiri, au tutohoe? Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa mwaka 1967, na hasa baada ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili kuchapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, swali hilo limepata majibu mengi. Swali ambalo halijapewa uzito wa kutosha ni lile la matumizi: je, mtu anayesoma istilahi hiyo katika maelekezo ya kazi, akiwa na chupa mkononi, ataelewa afanye nini kwanza na nini baadaye?

Makala haya yanalitazama swali hilo kwa kutumia kazi moja ndogo, yaani kuandaa bamba la saketi nyumbani au katika kibanda cha fundi redio. Tumechagua Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, na hususan mji wa Tunduma unaopakana na Nakonde nchini Zambia. Tunduma ni mahali ambapo bidhaa hupita katika barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia, na si ajabu kemikali kumfikia mtumiaji ikiwa na kibandiko cha lugha asiyoisoma. Isitoshe, kemia hufundishwa kwa Kiingereza katika shule za sekondari. Fundi aliyeishia darasa la saba hana maelezo ya kemia katika lugha yoyote isipokuwa yale atakayopewa kwa Kiswahili na muuzaji au fundi mwenzake.

2.0 Kazi yenyewe

Bamba la saketi ni ubao mwembamba wa plastiki ngumu uliobandikwa utando wa shaba. Fundi huchora njia za umeme juu ya shaba kwa wino usiopenya maji, kisha hulitumbukiza bamba katika kimiminika kinachoondoa shaba yote isiyofunikwa na wino. Kwa kitendo hiki Kiswahili kina kitenzi tayari, nacho ni kula. Tunasema kutu imekula bati, asidi imekula nguo. Mwandishi wa makala haya haoni sababu ya kukiacha kitenzi hicho kwa kisingizio kwamba si cha kitaalamu. Mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha na kuwekea alama kemikali, uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2003, huonyesha hatari hiyo kwa picha ya matone yanayotoboa metali na mkono. Picha hiyo inasema kula waziwazi. Mfumo wenyewe hutolewa katika lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa, na Kiswahili hakimo.

Wakazi wa Mbozi wana mfano mwingine wa kitendo hicho karibu nao. Kimondo cha Mbozi, kilichoingia katika maandishi ya kisayansi mwaka 1930, ni cha jamii ya vimondo vya chuma ambavyo, kipande chake kikikatwa, kung'arishwa na kupakwa asidi ya nitriki iliyopunguzwa makali, huonyesha mistari inayopishana kama ukili. Asidi hula aina moja ya mchanganyiko wa chuma na nikeli haraka kuliko nyingine. Fundi wa saketi hutumia wino kupata tofauti ambayo kimondo kinayo kwa asili.

3.0 Majina yanayopotosha

Shaba haiondolewi na kila asidi. Asidi ya haidrokloriki peke yake, au asidi ya salfuriki ya betri ikiwa baridi, haili shaba kwa kiasi chochote cha maana, kwa kuwa shaba haiwezi kuisukuma haidrojeni itoke katika asidi. Panahitajika kioksidishaji. Hapa ndipo majina ya mtaani yanapoleta madhara. Jina maji ya betri huweza kutumika kwa maji safi ya kuongezea betri na pia kwa asidi yenyewe. Tena neno maji humwondolea msikilizaji tahadhari. Fundi aliyesikia kwamba maji ya betri ni makali atalitumbukiza bamba, ataona halibadiliki, kisha atashawishika kuyachemsha. Asidi ya salfuriki inapochemshwa hupoteza maji na kuzidi ukali, na ikishakolea huanza kweli kula shaba huku ikitoa gesi inayokaba koo.

Neno tindikali nalo lina tatizo la upande wa pili. Kwa sababu limezoeleka katika habari za watu kumwagiwa na kuungua, linatisha, na kutisha huko kuna faida. Hata hivyo, mtu aliyezoea kuliogopa neno hilo huweza kudhani kwamba kisichoitwa tindikali ni salama. Feri kloridi, ambayo ndiyo kemikali inayotumiwa zaidi kwa kazi hii, haiitwi asidi popote. Lakini ikiyeyushwa katika maji huwa na tabia kamili ya asidi, huunguza macho na hula sufuria ya alumini kwa moto na mapovu. Neno dawa ni baya kuliko yote. Dawa ya panya, dawa ya meno na dawa ya kulia shaba haviwezi kukaa rafu moja, ingawa vinakaa katika neno moja.

Katika mkoa huu upo mtego mwingine. Wachimbaji wadogo wa dhahabu katika Wilaya ya Songwe na jirani zao wa Chunya hufanya kazi mahali ambapo zebaki inajulikana vizuri, na asidi ya nitriki hutumika katika kusafisha dhahabu. Asidi hiyo ina asili ya kioksidishaji, kwa hiyo hula shaba upesi. Lakini hutoa moshi wa hudhurungi ambao aliyeuvuta huweza kujiona mzima, na saa nyingi baadaye mapafu yake yakajaa maji. Haifai kabisa kwa kazi ya nyumbani.

4.0 Uchaguzi

Kwa maoni yetu feri kloridi inabaki kuwa chaguo la busara kwa anayeanza, kwa sababu haitoi gesi nyingi na hufanya kazi polepole. Kasoro zake ni madoa yasiyotoka na takataka yenye shaba. Amonia au sodiamu pasalfeti ni safi zaidi kwa macho, lakini ni kioksidishaji: isiwekwe karibu na karatasi wala mafuta, na mmumunyo wake usifungiwe katika chupa iliyozibwa, kwani gesi yake huipasua. Mchanganyiko wa asidi ya haidrokloriki na haidrojeni peroksaidi hula haraka mno, hutoa mvuke wa klorini, na unamfaa mwenye uzoefu na nafasi ya wazi.

Ipo njia ya upole zaidi: siki, chumvi na haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 inayouzwa kwa kusafishia vidonda. Peroksaidi huoksidisha shaba, siki huleta asidi, na kloridi ya chumvi huiweka shaba katika mmumunyo. Chumvi ya Ivuna, huko Momba, ambako watu wameitengeneza tangu karne nyingi zilizopita, ingeifanya kazi hiyo bila shida. Lakini upole wa viungo usihamishiwe kwenye matokeo. Kimiminika cha buluu au kijani kinachobaki kina shaba na ni sumu, hata kama kilianzia jikoni.

5.0 Tatizo la "na" na la kuzimua

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Sentensi "changanya asidi na maji" ni sahihi kisarufi, lakini kiunganishi na hakibebi mpangilio wa matendo. Asidi kali humiminwa ndani ya maji mengi, kidogo kidogo. Maji yakimiminwa juu ya asidi kali, joto huyachemsha papo hapo na kurusha asidi usoni. Maelekezo yaandikwe kwa kitenzi chenye mwelekeo: "mimina asidi katika maji." Feri kloridi ya unga nayo hutiwa katika maji kwa vijiko vichache vichache, kwa kuwa hutoa joto.

Kitenzi kuzimua kinastahili uangalifu zaidi. Kimependwa na wanaistilahi kwa maana ya kupunguza ukali wa mmumunyo, nacho ni kizuri kwa umbo. Hata hivyo, katika matumizi ya kila siku kuzimua ni kuongeza maji katika kitu kikali au cha moto, kama uji au chai. Basi anayeambiwa "zimua asidi" atafanya kile ambacho mkono wake umezoea jikoni, nacho ni kinyume cha kinachotakiwa. Hatusemi istilahi hiyo ifutwe. Tunasema isisimame peke yake katika maelekezo ya kazi, na kwamba kamusi za sayansi ziwe na mfano wa sentensi kwa vitenzi vya namna hii.

6.0 Tahadhari na utupaji

Vyombo viwe vya plastiki au kioo. Kimiminika kipashwe joto kwa kuliweka beseni ndani ya maji ya uvuguvugu, si jikoni juu ya moto. Miwani ya kukinga macho hutangulia glovu kwa umuhimu. Kemikali isitiwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa, na isichanganywe na dawa ya kung'arisha nguo, kwani klorini itatoka. Ikimwagika mwilini, oshea maji yanayotiririka kwa dakika 20; magadi ni ya ndoo, si ya ngozi wala jicho. Aliyemeza asitapishwe, bali awahishwe hospitali na kibandiko cha chupa.

Kimiminika kilichotumika kitiwe magadi polepole katika ndoo yenye nafasi, kwa sababu kitafura mapovu. Yakikoma, matope yenye shaba hutuama. Wakulima wa kahawa wa Mbozi wanazifahamu dawa za ukungu zenye shaba, na Kiswahili kina neno kongwe mrututu kwa salfeti ya shaba. Kwa hiyo fundi anaweza kujibu kwamba shaba si mgeni shambani. Tofauti ni kipimo. Matope haya hayakupimwa na mtu yeyote, yana mabaki mengine, na yasipelekwe shambani, chooni wala mtoni. Yakaushwe, yafungwe, yaandikwe jina, na ushauri utafutwe katika ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye Mamlaka yake husimamia sheria ya mwaka 2003 ya kemikali za viwandani na majumbani.

Jina litakaloandikwa juu ya mfuko huo lisiwe "dawa" wala "uchafu". Tunapendekeza: "Matope ya shaba. Sumu. Usimwage." Maneno matano, mojawapo likiwa kitenzi cha kukanusha, yanamtosha mtoto wa darasa la tatu atakayeukuta uvunguni.