Je, Jeraha la Utotoni Huhitaji Tabibu?

Miongoni mwa maswali ya ndugu wapya, na ya wale ambao bado wanaichunguza dini, liko moja ambalo huulizwa kwa sauti ya chini. Mtu aliyepigwa kikatili, aliyedhalilishwa au aliyefiwa na wazazi akiwa mtoto, na ambaye hata leo hushtuka usingizini, je, sala yamtosha, au ni lazima aende kwa mtaalamu wa maradhi ya nafsi? Na je, kwenda huko si dalili ya upungufu wa imani?

Tuanze na hili la imani. Kurani Tukufu yatueleza kwamba Nabii Yaakub a.s. alimhuzunikia mwanawe Yusufu hata macho yake yakawa meupe. Alikuwa Nabii, wala hakuacha kumtegemea Mwenyezi Mungu. Basi huzuni iliyodumu miaka mingi haikuwa kasoro ya imani yake. Tena Mtukufu Mtume s.a.w. aliwaagiza wagonjwa watafute dawa, wala hakusema kuwa dawa ni ya mwili peke yake. Mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi, akaeleza jinsi ya kutibu hofu, hasira, huzuni na wasiwasi. Kwa hiyo anayemwambia mgonjwa wa nafsi asali tu na aache matibabu, hana msingi katika dini.

Sasa twende kwenye sehemu ya pili: Je, mtaalamu ni lazima kwa kila aliyejeruhiwa? La. Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, bibi Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia kwa miongo mingi watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955. Kati ya wale waliokulia katika shida nyingi, kama theluthi moja walikua watu wazima wenye uwezo na huruma. Jambo moja lililowasaidia ni kuwa na walau mtu mzima mmoja aliyewapenda bila kuyumba, kama bibi, shangazi au mwalimu. Wengine waliharibikiwa katika ujana, lakini wengi wao walipata nafuu baadaye kwa elimu, kwa ndoa njema, au kwa kujiunga na jumuiya ya dini iliyowashughulisha. Nasi twajua kwamba Mtukufu Mtume s.a.w. alizaliwa baba yake akiwa amekwisha fariki, akafiwa na mama akiwa na miaka kama sita, akalelewa na babu yake na kisha ami yake, Abu Talib.

Lakini yafaa ieleweke kwamba wako ambao upendo peke yake hauwatoshi. Hao huhitaji njia maalumu: kufundishwa kuutuliza mwili, kulisimulia tukio kidogo kidogo, na kuliondoa wazo kwamba mtoto ndiye aliyekosa. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa Moshi, Tanzania, na Bungoma, Kenya, kwa watoto 640 waliofiwa na wazazi. Waliowatibu walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa kazi hiyo na kusimamiwa. Katika sehemu tatu kati ya nne, watoto hao walipata nafuu kuliko wenzao waliopewa huduma ya kawaida. Baada ya mwaka mmoja, tofauti hiyo ilibaki Kenya tu. Basi kinachohitajika ni ujuzi, nao waweza kufundishwa hata kwa asiye daktari. Lakini si kila mazungumzo ni dawa. Kumlazimisha aliyepatwa na msiba aeleze yote kwa kikao kimoja kumeonekana kutomsaidia, na pengine humdhuru.

Ndugu msomaji, shika mambo haya:

Kwanza, ikiwa ndoto mbaya, hofu au hasira zakuzuia kulala, kufanya kazi au kuishi kwa amani na jamaa zako, na hali hiyo imepita mwezi mmoja, nenda hospitali ukaulize huduma ya afya ya akili.

Pili, likikujia wazo la kujiua, usingoje kesho. Mwambie mtu unayemwamini akupeleke hospitali leo, wala usikae peke yako.

Tatu, ikiwa mtoto bado anaumizwa, mtoeni kwanza katika hatari. Kidonda hakiponi huku fimbo ikiendelea.

Nne, mwenzako asipotaka kueleza yaliyompata, usimchokonoe. Kaa naye.

Tano, usimdai aliyeonewa asamehe kabla hajapona. Nabii Yusufu a.s. aliwasamehe ndugu zake alipokuwa katika amani na madaraka, wala hakuna aliyemdai msamaha alipokuwa kisimani.

Sali, tena sali sana. Na pale unapohitaji tabibu, mwendee kwa moyo mweupe. Mwenyezi Mungu awaponye waliojeruhiwa, na atufanye sisi kuwa watu ambao mtoto aweza kuwakimbilia. Amin.