Uliza Udongo Kabla ya Kujenga Karo

Karo halisafishi maji. Ndani yake kinyesi huzama na kuwa tope, mafuta huelea juu, na maji ya katikati hutoka kwenda kwenye mitaro ya kunyonya. Maji hayo bado yamebeba vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara, pamoja na mayai ya minyoo. Anayemalizia kazi ni udongo, unaoyachuja yakipenya taratibu.

Kwa hiyo fundi akija na hesabu ya matofali na saruji, mwulize kwanza: udongo wa hapa umepimwa? Karo lililojengwa Januari, uwanja ukiwa mkavu, huonekana zima. Masika yakishika, mfuniko wa chemba unaanza kuvuja, maji ya chooni yanapanda badala ya kushuka, na usiku wa mvua mtu anatapisha choo mtaroni. Asubuhi watoto wa jirani wanayachezea.

Andaa

Jembe na chepe, ndoo za maji, kokoto ndogo, msumari, rula, kijiti kilichonyooka na saa ya simu.

Siku ya kwanza: lowesha

1. Chimba angalau mashimo matatu, yaliyotawanyika pale mitaro itakapopita. Kila moja liwe na upana wa sentimita 30, na kina sawa na cha mitaro, mara nyingi sentimita 60 hadi 90.
2. Jembe huacha kuta zikiwa laini na zinang'aa kama chungu kibichi kilichopigwa msasa. Hapo maji hayapenyi. Zikwaruze kwa msumari, zoa udongo uliodondoka, kisha tandaza kokoto sentimita 5.
3. Mimina maji yafike sentimita 30 juu ya kokoto. Endelea kuongeza kwa saa 4 au zaidi, kisha acha hadi kesho. Udongo mkavu hunywa kwa pupa. Ukipima leo utakudanganya. Funika mashimo kwa mbao, mtoto asije akatumbukia.

Siku ya pili: pima

Weka maji sentimita 15 juu ya kokoto na utie alama kwenye kijiti. Baada ya dakika 30, pima yameshuka kiasi gani, andika, kisha jaza tena hadi alama. Rudia kwa saa 4. Kipimo cha mwisho ndicho cha kutumia. Penye mchanga, maji yakiisha kabla ya dakika 30, pima kila dakika 10 kwa saa moja.

Kusoma majibu

Tafuta maji yanatumia dakika ngapi kushuka milimita 25. Yakishuka milimita 50 kwa dakika 30, jibu ni dakika 15: udongo unafaa. Yakishuka milimita 10 tu, jibu ni dakika 75. Ikizidi dakika 60, kama ilivyo kawaida kwenye mfinyanzi au udongo mweusi wa mbuga, usichimbe mitaro. Mwone afisa afya wa kata upate ushauri wa njia nyingine.

Ikiwa chini ya dakika moja, usishangilie. Kwenye mchanga mtupu, au nyufa za mawe ya matumbawe huku pwani, maji hukimbia bila kuchujwa hadi kisimani.

Usisahau masika

Waulize wenyeji: wakati wa mvua kubwa, maji ya kisima hupanda hadi wapi? Chini ya mitaro pabaki mita 1.5 au zaidi kabla ya kufikia kiwango hicho. Kisima, kiwe chako au cha jirani, kiwe mbali angalau mita 30.

Karatasi ya vipimo mpe fundi kabla hajanunua tofali la kwanza. Urefu wa mitaro hutokana na namba hizo na idadi ya watu wa nyumbani, si na uwanja uliobaki baada ya kujenga nyumba.