SOMO LETU: BIMA YA GARI, RAHISI NI IPI?

Leo tujifunze kununua bima ya gari.

Hapa Tanzania sheria inataka kila gari na pikipiki ipitayo barabarani iwe na bima, japo ile ndogo. Bima ndogo hulipa madhara uliyomfanyia mtu mwingine. Gari lako likibondeka, shauri yako. Bima kubwa hulipa yote mawili.

Ada ya bima kubwa hukadiriwa kwa asilimia ya thamani ya gari. Tuseme kikundi kina pikapu ya shilingi 10,000,000. Wakala wa kwanza anataka asilimia 3.5, yaani shilingi 350,000 kwa mwaka. Wa pili anataka asilimia 4, yaani shilingi 400,000. Haya, rahisi ni nani?

Tusiharakishe kujibu. Tuulize kwanza: gari likiharibika, sisi wenyewe tutachangia ngapi? Wa kwanza anasema 500,000. Wa pili 100,000. Pikapu ikigonga mti, matengenezo yakawa 800,000, wa kwanza atatoa 300,000 tu. Wa pili atatoa 700,000. Tumeokoa 50,000 ya ada, tumepoteza 400,000 ya matengenezo!

Kwa hiyo kila wakala atuandikie bei yake, na kiasi cha kuchangia, tulinganishe. Tuulize pia kama kodi imo. Tukishalipa, tuhakiki namba ya bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Bima ya kughushi haimlipi mtu.

ZOEZI: Pikapu ya shilingi 6,000,000, kwa asilimia 3.5, ada yake ni ngapi? (Jibu: shilingi 210,000.)