Baridi Yabisi: Mazoezi kwa Kiasi, Dawa kwa Siku Yake

Asubuhi za baridi Kanja, viungo vinapokaza, wengi hulaumu hali ya hewa. Licha ya jina lake, ugonjwa wa baridi yabisi hutokea kinga ya mwili inaposhambulia viungo vya mwili huohuo. Usipotibiwa, huviharibu kabisa.

Mazoezi husaidia. Mgonjwa anyooshe vidole na magoti polepole, kisha atembee mahali tambarare. Maumivu yakizidi saa mbili baada ya mazoezi, apunguze siku inayofuata. Kiungo kilichovimba na chenye joto kisilazimishwe kazi nzito, hata msimu wa kuchuma kahawa.

Wagonjwa wengi huandikiwa methotrekseti. Dawa hii humezwa mara moja kwa wiki. Kuimeza kila siku kunaweza kuua. Familia ichague siku moja na kuiandika kwenye kalenda. Mgonjwa asiiache kwa sababu amepata nafuu, wala asiitumie akiwa mjamzito. Akipata homa, vidonda mdomoni au kukosa pumzi, afike kituo cha afya mara moja, akiwa na pakiti ya dawa zake.