Utata wa 'Na' katika Namba Kubwa za Kiswahili: Mfano wa Rufiji na Kibiti

1.0 Utangulizi

Katika sensa ya mwaka 2002, Wilaya ya Rufiji, ambayo wakati huo ilijumuisha Kibiti na eneo la delta, ilihesabiwa kuwa na watu 203,102. Ikikadiriwa kwa elfu iliyo karibu, idadi hiyo ni 203,000, na huweza kutamkwa "elfu mia mbili na tatu". Makala haya yanaonyesha kwamba kirai hicho kina maana mbili, na kwamba kosa linalotokana nacho hupita katika uhakiki wa kawaida wa hesabu bila kugunduliwa.

2.0 Muundo wa Kirai

Katika namba za Kiswahili, neno la kizio likifuatwa na namba huashiria kuzidisha: elfu tatu ni 1,000 × 3. Kiunganishi 'na' huashiria kujumlisha. Utata huzuka pale mipaka ya 'na' isipobainika:

(1) a. elfu [mia mbili na tatu] = 1,000 × (200 + 3) = 203,000
b. [elfu mia mbili] na tatu = (1,000 × 200) + 3 = 200,003

Tofauti ni 2,997, yaani 3 × 999. Kwa jumla, kizio kikiwa k na namba inayofuata 'na' ikiwa t, tofauti ni t(k − 1).

3.0 Kosa Lisiloonekana

Kwa kuwa 999 hugawanyika kwa 9, karani anayehakiki kwa kujumlisha tarakimu atapata 5 katika (1a) na 5 vilevile katika (1b). Hesabu haimsaidii, ni lugha pekee inayoweza kumwokoa.

4.0 Ushahidi wa Korja

Utata huu hauhusu elfu peke yake. Boriti za mikoko ya delta, zilizokuwa zikisafirishwa hadi Arabuni na Ghuba, zilihesabiwa kwa korja, yaani ishirini ishirini. "Korja kumi na tano" ni boriti 300 au 205. Tofauti ni 5 × 19, yaani boriti 95, ambazo hazipungui sana korja tano. Mkataji na mnunuzi wanaweza kuapa kwa maneno yaleyale, na kila mmoja akawa mkweli.

Msemaji huondoa utata kwa kutaja kizio cha pili: "korja kumi na boriti tano". Mbinu hiyohiyo imo katika "laki mbili na elfu tatu". Vilevile, "mia mbili na tatu elfu" huondoa maana ya (1b), kwani hapo tatu haiwezi kusimama nje ya elfu.

5.0 Hitimisho

Utata wa 'na' si upungufu wa Kiswahili, kwani lugha ina njia za kuuondoa. Kinachohitajika ni kuzifundisha njia hizo kama sehemu ya sarufi, hasa kwa wanaosoma matokeo ya hesabu kwa sauti na wanaoyaandika kwa kusikia. Kila kizio kitajwe kwa jina lake.